Familia ya Bibi Nyegezi: somo la Jumamosi

Mama Kulwa 18:02
Jamani, Jumamosi saa nne asubuhi watoto wote kwa Bibi. Anko Masanja atawafundisha aljebra. Nijibuni.

Mama Kulwa 18:40
Naona tiki za bluu tu.

Mama Kulwa 18:41
Daftari la Kulwa hili hapa. Kama d = 4000, tafuta thamani ya 3d. Kaandika 34000! Kabandika tatu mbele ya elfu nne.

Baba Neema 18:44
Labda dagaa wamepanda bei sokoni Mwaloni 😂

Shangazi Kabula 18:45
Nami niwekeeni sado moja

Mama Kulwa 18:45
Nazungumza masomo, nyie mnazungumza mboga.

Anko Masanja 19:15
Ndiyo natoka kazini. Dada, 3d ni 3 mara d, alama ya kuzidisha huwa haiandikwi. Mwambie d ni bei ya sado moja ya dagaa. Siyo dagaa wenyewe, ni bei yao, yaani namba. Leo 4000, basi 3d ni 12000. Kesho ikifika 5000, 3d ni 15000. Herufi inashikilia nafasi, namba inakuja kukaa. Akiingiza namba aweke mabano, 3(4000), hatabandika tena.

Mama Kulwa 19:18
Na hii ya kuongeza nauli? 2000 + 3d, kapata milioni nane na elfu kumi na mbili!!

Anko Masanja 19:21
Kajumlisha kwanza: 2003 mara 4000. MAGAZIJUTO dada, ule mpangilio wa matendo ya hesabu: kuzidisha kunatangulia kujumlisha. 12000 ongeza 2000, ni 14000. Huyu mtoto anajua kuzidisha vizuri, kakosea mpangilio tu, msimgombeze. Ila nahitaji ubao. Anao Baba Neema.

Baba Neema 19:30
Tumeanza. Ubao niliununua kwa hela yangu. Kama zile nyavu za kisiwani Kome.

Mama Kulwa 19:31
Kome imeingiaje hapa?

Baba Neema 19:33
Imeingia kwa sababu kila jambo la familia hii ni mimi, na hakuna anayerudisha.

Shangazi Kabula 19:34
🙆🏾‍♀️

Bibi Nyegezi 20:27
Neema ananiandikia, maneno ni yangu. Nimeuza samaki mpaka meno yameng'oka, hesabu napigiwa na watu, na nimepunjwa sana. Sitaki mjukuu wangu apigiwe hesabu. Ubao uje. Mambo ya Kome mtakuja kunieleza mimi, wote wawili, siyo kwenye simu.

Baba Neema 20:41
Nimesikia mama.

Mama Kulwa 20:41
Sawa mama. Shikamoo.

Anko Masanja 20:50
Shikamoo mama. Dada, Jumamosi nimepangiwa zamu mpaka saa saba mchana.

Mama Kulwa 20:51
Masanja! Si ungesema mapema? Basi saa nane.

Shangazi Kabula 22:51
Wangu watakuja. Saa nne au saa nane? Sijasoma zote

Mama Kulwa 22:53
NANE. Waje na daftari na kalamu. Baba Neema, ubao unaufikisha Ijumaa au Jumamosi yenyewe?