Tishu za chooni: kwenye sinki la choo au kwenye ndoo?

MwenyeGesti_Sakina: Wakuu habari za jioni. Gesti ya vyumba sita hapa Arusha, haijaunganishwa na mtandao wa majitaka wa AUWSA (mamlaka ya maji Arusha), tuna septiki (tanki la majitaka) na shimo la kunyonya, ambako maji yake yanazama ardhini. Vyoo vya kukaa, bomba la inchi 4, na kila choo kina maji ya kuchambia. Wazungu wanaflashi tishu, wengine wanaziacha pembeni sakafuni, na wapo wenye waipsi (vile vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia) ambazo paketi inasema zinaflashika. Chemba ya kwanza imeziba mara mbili mwezi huu. Nipige marufuku tishu zote?

FundiChemba: Kabla ya marufuku, fungua chemba uone kilichokwama. Tishu ya chooni ni nyuzi fupi, ikilowa zinaachiana. Ukivuta kitu kikaja kama kitambaa bila kukatika, hiyo ni waipsi. Nyingi zina nyuzi za plastiki, zinajisokota kwenye kona na kukamata nywele na mafuta. Ukikuta uji mweupe umetulia tu, tatizo ni maji au mteremko. Bomba la inchi 4 lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Angalia na boya la tanki la flashi: watu hulishusha kubana bili, halafu maji yanayobaki hayasukumi kitu. Mwaga ndoo ya lita 10 kwa mkupuo, mtu asimame chembani. Maji yakifika yakijikokota, bomba limelala mahali.

Mdau_Moshi: Usiamini maandishi ya paketi. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, maji nusu, tumbukiza kipande kimoja, funga, tikisa dakika moja. Tishu nzuri inakuwa vipande vipande. Waipsi inatoka nzima. Fanya hivyo hivyo na servieti za mezani, maana mhudumu tishu zikiisha ndizo anazoweka chooni! Nyingi zimetiwa gundi ya kuvumilia maji, hazifai kabisa.

Mpokeaji_Wageni: Mgeni anafanya alichozoea kwao, si ukorofi. Marekani na Uingereza tishu inaflashiwa. Ugiriki na Meksiko sehemu nyingi inatupwa kwenye ndoo. Na hata kwao waipsi zinawasumbua: mwaka 2017 chini ya Whitechapel, London, lilikutwa donge la mafuta na waipsi la mita 250, tani 130. Kwa hiyo weka ndoo ya kukanyaga yenye mfuniko na mfuko, imwagwe kila siku, ukutani picha ya waipsi na pedi zimepigwa alama nyekundu ya X. Picha, siyo maneno matupu. Ndoo isiyo na mfuniko haitumiwi, ndiyo maana unakuta tishu sakafuni.

MwenyeGesti_Sakina: Asanteni. Kwa hiyo tishu ya kawaida iende tu, hata kwenye septiki?

FundiChemba: Iende, ilimradi bomba la kutokea kwenye septiki lina ti (kiungio chenye umbo la T), mguu wake umezama chini ya utando unaoelea. Mafundi wengi wanairuka. Bila ti, utando na mabaki ya tishu yanapitiliza hadi shimo la kunyonya, udongo unaziba vinyweleo, na huko waya wa kuzibulia hausaidii, unachimba shimo jingine. Chovya mti mrefu kwenye septiki pia: tope likifika theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya.