JPEG, PNG au WebP: ipi inaacha maandishi ya orodha ya bei yakisomeka?

Saruji_Kihonda
Habari zenu wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, kuna kijana ananitengenezea orodha ya bei ya kuweka mtandaoni. Ya kwanza aliyonipa, ukiifungua kwenye simu tarakimu zina ukungu, mteja anapiga simu kuuliza kitu ambacho kimeandikwa. Sasa anauliza anikabidhi faili la picha la aina gani, JPEG, PNG au WebP, na kesho namalizia hela yake. Nichague ipi?

KalamuNyekundu
PNG. Uzi ufungwe.

mama_steshenari
Usifungwe. Mkuu hujasema kitu bado. Mtandaoni wapi: tovuti, Instagram, status? Kuna picha ndani au maandishi matupu? Rangi gani? Upana pikseli ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

KalamuNyekundu
Ramli ya nini, dada? JPEG ni ya picha za kamera. Inaigawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande inatupa vijimabadiliko vya haraka ambavyo jicho haligundui vikikosekana kwenye mawingu au ngozi ya mtu. Herufi yenyewe ni mabadiliko ya haraka matupu: nyeusi, halafu papo hapo nyeupe. Kuza uone lile vumbi la kijivu pembeni ya kila tarakimu. PNG haitupi kitu. Orodha isiyo na picha hata rangi 256 zinaitosha, na faili linakuwa jepesi.

Saruji_Kihonda
Samahani wakuu. Ni tovuti ya WordPress na magrupu ya WhatsApp. Maandishi mekundu juu ya bluu, kichwani kuna picha ya duka. Bidhaa mia na ushee, zote kwenye A4 moja. Upana sijui.

mama_steshenari
Mekundu juu ya bluu! Basi tatizo nusu lako, nusu la JPEG. Kwa kawaida JPEG hutunza mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi inabaki sampuli moja kwa pikseli nne. Nyeusi juu ya nyeupe inaokolewa na mwangaza. Nyekundu na bluu mwangaza wake haupishani sana, kinachozitenganisha ni rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Lazima kingo zivujiane.

Saruji_Kihonda
Ni rangi za duka tangu enzi za marehemu mzee, siwezi kubadilisha.

webp_kieleweke
Watu mnang'ang'ania PNG kama tuko 1996. WebP ziko mbili, ya kupoteza (inatupa sehemu ya picha kama JPEG) na isiyopoteza (haitupi kitu, kama PNG). Chukua isiyopoteza: Google wenyewe wanasema ni ndogo kuliko PNG kwa asilimia 26 hivi. Wateja wako wanatumia bando, mkuu.

mama_steshenari
Sema na lingine basi: ile ya kupoteza hiyo sampuli moja kwa nne ni ya lazima, huwezi kuizima. Kwenye JPEG angalau unaweza. Kijana asipojua atampa hiyo hiyo. Halafu wanaletaga WebP dukani kwangu kuchapa, mashine ya zamani haifungui, lawama kwangu.

Jogoo la Ifakara
Ngoja niwape yaliyotukuta. Harusi ya mdogo wangu, kadi ya michango ilitengenezwa nzuri, dhahabu juu ya maruni, namba ya simu ya mweka hazina chini kwa mwandiko ule mwembamba wa kujipinda. Ilipoingia kwenye magrupu, mmoja akapiga skrinishoti, akakata kingo, akatuma. Wa grupu la kazini akapiga skrinishoti ya ile skrinishoti. Ilipofika kwa shangazi Mahenge, 6 na 8 ni kitu kimoja. Shangazi akatuma mchango wake kwa mtu wa Shinyanga. Yule bwana tulimpigia, mstaarabu kabisa, akasema pesa ameiona na anatuombea ndoa yenye baraka. Haikurudi. Kamati ikakaa kikao kizima kujadili kama shangazi ahesabiwe ametoa au hajatoa, na mpaka leo upande wa mama na wa baba hawajaelewana.

Mchapaji wa Zamani
😂 Ametoa huyo, kadi apewe. Ila hiyo ya 6 kugeuka 8 ilishawahi kutokea bila skrinishoti. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionesha skana za Xerox zikibadilisha tarakimu kwenye ramani ya nyumba, vipimo vya vyumba vikatoka vingine, na herufi safi kabisa.

KalamuNyekundu
Si nilisema? JPEG hiyo.

Mchapaji wa Zamani
Siyo JPEG, ni JBIG2, njia nyingine ya kubana picha. Ile inatafuta maumbo yanayofanana na kubandika moja mahali pa jingine. JPEG inakuchafulia namba, haikudanganyi.

mzee_wa_vekta
Vijana, bei ni maandishi, ziandikeni kama maandishi. Jedwali la kawaida kwenye ukurasa: linakuzwa utakavyo, Google inalisoma, saruji ikipanda unabadilisha mstari mmoja bila kumlipa mtu. Mkitaka urembo, SVG, yaani picha ya mistari isiyotegemea pikseli, ila herufi zigeuzwe michoro kwanza, la sivyo simu isiyo na fonti hiyo itaweka yake.

webp_kieleweke
Mzee, WordPress haipokei SVG mpaka uongeze programu-jalizi.

mzee_wa_vekta
Ndiyo maana nimeanza na jedwali.

mama_steshenari
@Saruji_Kihonda angalia pia kijana aliiweka kwa saizi gani. WordPress hutengeneza nakala ndogo za kila picha, na ile ya kati kwa kawaida ni pikseli 300. Simu nyingi zina upana wa pikseli 720 au 1080. Ukivuta 300 ijaze 1080, hata PNG itakuwa ukungu. Na bidhaa mia kwenye A4 moja kwa simu ni mateso, zigawanye kurasa tano sita. WhatsApp tuma kama dokumenti, siyo kama picha.

Saruji_Kihonda
Nimeangalia, imeandikwa 300 kweli. Lakini kwenye status dokumenti haiwezekani, na wateja wangu wengi wako status.

KalamuNyekundu
PNG.

Jogoo la Ifakara
Mkuu, nondo za milimita 12 unauzaje, na Ifakara mnaleta?

Saruji_Kihonda
Njoo inboksi mkuu. Ifakara tunaleta ukichukua na saruji.

Mchapaji wa Zamani
Mtumie bei kwa maandishi, tafadhali.