Tulilipa tufundishwe Kiingereza, tukafundishwa tweng, yaani kuigiza lafudhi ya Wazungu. Nataka pesa zangu!

Wadau, nina hasira na sitaificha. Jana jioni nimepata matokeo yangu ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kwenda ng'ambo: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 5.5. Mnaofuatilia safari za manesi kwenda Uingereza mnajua baraza la wauguzi la kule linataka 7 kila sehemu, na kwa kuandika 6.5. Kwa hiyo nimeanguka. Ada ya mtihani imeenda, likizo yangu ya mwaka imeenda, na shilingi 18,000 nilizolipa chuo kimoja hapo barabara ya Tom Mboya, Nairobi, kwa masomo ya wiki sita zimeenda pia. Hizo 18,000 ndizo zimenileta hapa.

Tangazo lao lilibandikwa ndani ya matatu. Lilisema utazungumza Kiingereza kama mzungu na mtihani utaupita mara ya kwanza. Nililisoma nikitoka zamu ya usiku, nimechoka, nikaamini. Jina lao silitaji leo. Waliosoma pale watajua kwa lifti iliyokufa na ngazi za kupanda hadi ghorofa ya nne.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tweng tupu. Watu wazima ishirini na wawili, manesi, dereva wa lori anayetafuta kazi Kanada, mama mmoja mwalimu wa chekechea, tumesimama tunaimba "wora, wora, wora", eti hivyo ndivyo maji yanavyoitwa Marekani. Mtu akitamka kwa lafudhi ya kwao, mwalimu mwenyewe anaanza kucheka na darasa linamfuata. Mimi ni wa Ol Kalou, lugha ya kwetu ni Gĩkũyũ. Nikiwa na haraka, l na r hunipotea. Na sote tunajua ukishrabu, yaani ukitamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, katika jiji hili utachekwa mpaka ujute kufungua mdomo. Nimezoea kuchekwa na makanga, nimezoea kuchekwa na madaktari wanafunzi. Lakini mwalimu niliyemlipa?

Yule mama wa chekechea alichekwa Jumanne. Alhamisi hakuja, na hakurudi tena. Alipoomba arudishiwe hata nusu ya pesa, karani wa mapokezi alimwonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti.

Sasa sikieni kinachoniuma zaidi, maana nimekijua nikiwa nimeshalipa. Lafudhi haina alama! Anayekuhoji anapima vitu vinne: unavyotiririka na kuunganisha mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwenye matamshi anataka akuelewe bila kuhangaika. Hakuna mahali pameandikwa uongee kama mtu wa London au Chicago. Vigezo hivyo viko wazi kwenye intaneti, bure, na anayefundisha mtihani huu kwa pesa za watu lazima awe amevisoma. Walijua. Waliendelea kutuuzia tweng kwa sababu tweng inauzika.

Siku ya mtihani hofu ilinishika, wora zote zikanitoka kichwani. Nikaongea vile ninavyoongea wodini asubuhi nikikabidhi zamu: mgonjwa wa kitanda cha tatu alilalaje, dripu ilibadilishwa saa ngapi, daktari aliagiza nini. Nikapata 7 na r zangu za Ol Kalou. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alitweng dakika zote, akaombwa arudie mara tatu, akapata 6. Mimi ile 7 nimepewa na miaka minane ya kutoa ripoti kila asubuhi, nikikosea na kurekebishwa na sista mkuu wa wodi bila kuchekwa. Chuo hakinidai asante hata moja.

Na kuharibiwa hakukuanzia Tom Mboya. Shule ya msingi tulivishwa diski, kibao cha mti chenye kamba. Ukisikika ukiongea Gĩkũyũ unavishwa, unakaa nacho mpaka umnase mwingine, na wa mwisho jioni anachapwa. Walidhani tutajua Kiingereza. Tulijua kunyamaza! Kuna watoto darasani kwetu walikuwa hawasemi neno kutoka asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Sekondari nako? Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Unazifanyaje? Unaandika! Unaandika kwenye karatasi vile ungetamka neno, vile ungesimama mbele ya watu, vile ungejibu simu. Mtu anamaliza miaka 12 ya Kiingereza bila kuhojiwa kwa mdomo hata dakika moja na mtahini, halafu akifika mbele ya mgeni anatetemeka, tunasema hajasoma.

Mnakumbuka 2021? Mkataba wa Kenya na Uingereza wa kupeleka manesi kule ulitiwa saini Julai, na kabla mwaka kuisha waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema manesi 300 wamefanya mtihani wa Kiingereza na 10 tu ndio wamepita. Nchi nzima ikawacheka. Hao ni watu waliosoma anatomia na dawa kwa Kiingereza, na mafaili ya wagonjwa wanayaandika kwa Kiingereza kila siku. Vyuo vya aina hii vikafaidika na kile kicheko. Mwenye aibu hakawii kulipa.

Nirudi kwenye ile 5.5. Mtihani wa kuandika ni saa moja, kazi mbili: ya kwanza unaeleza grafu au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150, ya pili insha isiyopungua 250, na insha ina uzito mara mbili. Katika wiki sita hatukugusa grafu hata moja. HATA MOJA. Insha niliandika mbili. Zote zilirudi na tiki nyekundu na neno "Good", bila kosa hata moja kuzungushiwa duara. Badala yake tulipewa kijitabu cha insha ishirini za kukariri. Nilizikariri kwenye basi, nikizisema moyoni hata nikipima presha za watu. Swali likaja la wazee na makazi yao, mimi kichwani nina uchafuzi wa mazingira. Nikalazimisha. Watahini wanaijua insha ya kukariri ikifika aya ya pili, na sentensi za mtu mwingine hazikuhesabiwi.

Asubuhi nimepanda zile ngazi. Nimeambiwa meneja yuko safarini, nisajili upya kwa nusu bei. Nimekataa. Nimewaachia barua, nakala ninayo imegongwa muhuri, na nimewapa siku saba. Ikipita, naenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Wakili si lazima, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Kama ulikuwa darasa la jioni, Mei hadi Juni, na una risiti au ujumbe wa M-Pesa, niandikie kwenye sanduku langu. Tayari tuko wanne. Na kama kuna anayemjua yule mama wa chekechea, mwambieni namtafuta.