King'amuzi cha kurekodi: boksi langu, hela yangu, kufuli la kwao!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, nikiandika ovyo mnisamehe.

Tangu 2022 nina king'amuzi cha dishi chenye kurekodi. Kazi yangu ni ya zamu, vipindi vingi vinanipita, nikaona nijikamue ninunue. Kila mwezi nalipia kifurushi, na juu yake ada ya kurekodi.

Sasa sikieni. Baba mkwe aliwahi kuhojiwa kwenye kipindi cha kilimo, habari za alizeti, dakika kama sita hivi. Siku kinaruka, kijijini kwake Singida umeme ukakatika, hakujiona. Mimi nikajigamba kwenye simu: "Baba usijali, nimekurekodia, ukija Dar utajiona."

Wiki iliyopita kaja. Kaoga, kavaa kofia ileile ya kwenye mahojiano, kakaa mbele ya tivii. Nafungua orodha: jina la kipindi lipo, tarehe ipo. Nabonyeza OK. Kioo cheusi, maandishi meupe: kifurushi kimekwisha, tafadhali lipia.

Kiliisha jana yake. Lakini mimi sijaomba matangazo ya leo! Naomba kitu nilichokilipia mwezi kiliporushwa, kimelala kwenye diski ndani ya boksi lililo juu ya kabati langu. Muuza samaki gani anakuja kukufungia friji kwa kuwa leo hujanunua?

Nikalipa kwa simu palepale. Meseji ya malipo ikaja, picha haikuja. Huduma kwa wateja ni ule wimbo wao tu, chomoa kadi, subiri, rudisha. Nimechomoa mpaka kidole kikaota sugu. Mzee ananiangalia. "Mwanangu, acha tu." Wenye wakwe mnaijua hiyo "acha tu".

Na si mara ya kwanza kuaibika. Fainali ya Kombe la Dunia, 18 Desemba 2022, nilikuwa zamu. Nimezima data, sitaki kusikia matokeo, narudi usiku naweka Argentina na Ufaransa. Mbappé kasawazisha, 2-2, mpira umenoga, rekodi KWISHA. Kumbe dude linafuata ratiba, halijui dakika za nyongeza. Kuna sehemu ya kuongeza muda mwishoni mwa rekodi, imefichwa huko ndani ya menyu, na fundi aliyenifungia dishi hakusema. Huyohuyo alivuta waya mmoja tu kutoka kwenye LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi), ndiyo maana nikirekodi chaneli moja sikuweza kuangalia nyingine. Mwaka mzima nadhani ndivyo lilivyo!

Juzi nikamwita fundi mwingine atoe diski tuisome kwenye kompyuta. Akacheka. Anasema rekodi zimefungwa kwa king'amuzi kilekile. Ukiichomeka kwingine utaambiwa uifute uanze upya. Kwa hiyo boksi likiungua, na umeme wetu mnaujua, alizeti zote za mzee zimekwenda nalo.

Kipindi chenyewe kilifunguka kesho yake baada ya kulipia, saa nne asubuhi, mzee ameshapita Dodoma. Nikasimama mbele ya tivii, nikamrekodi kwa simu, feni inanguruma juu, nikamtumia WhatsApp.

Kajibu jioni: "Nimejiona. Ila mbona siku ile hapakuwa na upepo?"

Mwenye king'amuzi ambacho rekodi hazifungwi kifurushi kikiisha aje hapa. Hiki nakiuza, rimoti bado ina nailoni yake.