Texas haina kodi ya mapato, sasa hii kodi ya jimbo ya bima ya kukosa kazi ni ipi?

Fagio_FW aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kampuni ni ya usafi wa ofisi, Fort Worth, LLC (kampuni yenye dhima ya ukomo) ya mtu mmoja. Wafanyakazi wa W-2 (wa kuajiriwa) ni watatu, walianza kulipwa Februari. Wawili wanasafisha, wa tatu anapanga ratiba na kupokea simu akiwa nyumbani kwake Spokane, jimbo la Washington. Yupo na wa nne, analipwa kwa 1099 (kama mkandarasi wa kujitegemea). Fomu 941 ya IRS (ripoti ya robo mwaka ya kodi za mishahara kwa serikali kuu) naijaza bila shida. Nilichodhani ni kwamba Texas hakuna kitu cha kupeleka kwa jimbo kwa sababu hakuna kodi ya mapato, kumbe ipo hii ya bima ya kukosa kazi.

Naomba kueleweshwa: inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi? Ile 9,000 inayotajwa inahesabiwaje? Mimi mwenye kampuni naingia kwenye ripoti? Na huyu wa Spokane nimpeleke wapi?

---

Daftari Jekundu:

Karibu mkuu. Hilo la "Texas haina kodi" linawaponza wengi, kwa sababu kodi hii haina uhusiano wowote na mapato ya mfanyakazi. Ni ya mwajiri peke yake. Usimkate mfanyakazi hata senti moja. Inaingia kwenye mfuko ambao mtu akipoteza kazi ndimo analipwa humo.

Anayeisimamia ni Texas Workforce Commission, TWC. Unaingia kwenye wajibu ukilipa mishahara ya jumla ya $1,500 au zaidi ndani ya robo mwaka moja, au ukiwa na mtu hata mmoja, awe wa muda au wa kudumu, katika wiki 20 tofauti za mwaka wa kalenda. Kimojawapo kinatosha. Wewe mwenye watu wawili wa usafi umeshavuka $1,500, sitaki hata kuuliza. Ukishavuka una siku 10 za kujiandikisha. Inafanyika kwenye tovuti yao. Uwe na EIN (namba ya mwajiri ya IRS), tarehe ya mshahara wa kwanza, anwani ya mahali kazi inapofanyika, na maelezo ya shughuli. Hapo kwenye shughuli andika kwa usahihi, usafi wa majengo, usiandike "huduma" tu, maana kundi la biashara linaweza kugusa kiwango chako cha kuanzia. Utapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 9. Hiyo si EIN, usizichanganye.

Ripoti ni ya kila robo mwaka, na mwisho wake ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuata robo: 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba, 31 Januari. Siku hiyo ikiangukia wikendi au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Inapelekwa kwa mtandao. Ndani yake kila mfanyakazi ana jina, namba ya Social Security na mshahara wake wote wa robo hiyo kabla ya makato. Pia utaulizwa idadi ya wafanyakazi kwa kila mwezi, na hapo hawahesabiwi wa mwezi mzima: ni waliokuwa kwenye kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi husika.

Kosa la kwanza la wageni ni tarehe. Mshahara unaripotiwa kwenye robo uliyoulipa, si robo uliyofanyiwa kazi. Kazi ya wiki ya mwisho ya Machi iliyolipwa tarehe 4 Aprili ni ya robo ya pili. Usipolishika hili, ripoti yako ya TWC na 941 yako hazitakaa zilingane, na hizo mbili ndizo za kwanza kuwekwa pamoja siku ya ukaguzi.

Sasa 9,000. Ni kikomo cha mshahara unaotozwa kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Kinaanza upya 1 Januari. Waajiri wengi wapya huanzia 2.7%. Mfano, mtu umemlipa $4,800 robo ya kwanza na $5,200 robo ya pili:

Robo ya kwanza: 4,800 yote inatozwa, × 2.7% = $129.60
Robo ya pili: imebaki 4,200 kufika 9,000, × 2.7% = $113.40
Kuanzia hapo: sifuri mpaka Desemba

Jumla ni $243 kwa mtu huyo kwa mwaka. Ila robo ya tatu na ya nne bado unaripoti mshahara wake wote, sehemu inayotozwa ndiyo inakuwa sifuri. Kuna wanaomwondoa mtu kwenye ripoti kwa sababu "ameshamaliza 9,000". Huyo akija kuomba malipo baadaye, mishahara yake haionekani na wewe ndiye utakayeulizwa.

Jingine: kikomo ni cha kila mwajiri na mfanyakazi wake. Mtu aliyekuja kwako Juni akiwa ameshalipwa $15,000 kwingine, kwako anaanza na sifuri.

Wewe mwenyewe: LLC ya mtu mmoja ambayo haijachagua kutozwa kama korporesheni, pesa unayochukua si mshahara, huingii. Siku ukichagua S-corp (aina mojawapo ya kutozwa kama korporesheni) unakuwa ofisa wa kampuni anayelipwa mshahara, na mshahara huo unaingia kama wa mtu mwingine yeyote.

---

Mwanahesabu wa Plano:

Daftari kamaliza ya jimbo, niongeze ya federali kwa sababu zinashikana mikono.

IRS nao wana kodi yao ya kukosa kazi, FUTA, unaripoti kwa Fomu 940 mara moja kwa mwaka. Kiwango ni 6.0% ya $7,000 za kwanza za kila mfanyakazi. Angalia, ni 7,000, si 9,000; kila serikali na kikomo chake. Halafu unapewa punguzo la hadi 5.4% kwa sababu unalipa jimbo, inabaki 0.6%, yaani $42 kwa mtu aliyefika 7,000. Hii pia haikatwi kwa mfanyakazi.

Lini unalipa: kila mwisho wa robo jumlisha deni. Likiwa $500 au chini, lisogeze robo inayofuata. Likizidi 500, lilipe kwa EFTPS (mfumo wa serikali kuu wa kulipa kodi kwa mtandao) kabla ya siku ya mwisho ya mwezi unaofuata. Kwa watu watatu, 3 × 42 = $126, kwa hiyo utalipa mara moja tu pamoja na 940 yenyewe, 31 Januari. Inachukua watu 12 waliofika kikomo (12 × 42 = $504) ndipo unavuka mstari huo.

Ile 5.4% huipati bure. Kodi ya jimbo ambayo hujalipa haihesabiwi kwenye punguzo, na uliyoilipa baada ya tarehe ya mwisho ya 940 inahesabiwa 90% tu ya ambavyo ingehesabiwa. Maelekezo ya 940 yana karatasi ya hesabu kwa hali hiyo. Ijaze, usiandike 0.6% kwa mazoea.

Pia jimbo likiwa limekopa kwa serikali kuu kulipa wasio na kazi na likachelewa kurudisha, waajiri wake wanapunguziwa punguzo. Mwaka 2024 California ilipunguziwa 0.9%, hivyo mwajiri wa huko alilipa 1.5%, $105 badala ya 42. Mwajiri hana kosa lolote hapo, ila bili ni yake.

---

Fagio_FW:

Asanteni sana wakuu. Mawili yamebaki. Huyu wa 1099 tulikubaliana hivyo kwa maandishi na yeye ndiye aliyependa, je inatosha? Na nikichukua kampuni ya kuchakata mishahara, wao si watabeba haya yote?

---

Bint Pangani:

Kaka, makubaliano hayaamui. TWC wanaangalia nani ana mamlaka ya kuelekeza kazi, na wana Fomu C-8 yenye hoja 20 za kupimia. Chukua biashara yako ya usafi uipime: nani anapanga saa za kuingia jengoni? Mashine na dawa za kusafishia ni za nani? Analipwa kwa saa au kwa kazi nzima? Anaweza kumtuma mtu wake mwingine bila kukuuliza? Ana wateja wengine na bima yake? Kama saa ni zako, vifaa ni vyako na malipo ni kwa saa, huyo ni mfanyakazi wako hata karatasi iseme nini. Kwa kawaida haya hugundulika siku mtu huyo anapoomba malipo ya kukosa kazi na TWC hawaoni mshahara wake popote. Wanarudi nyuma, wanadai kodi na riba, na hawaishii kwake peke yake.

Kampuni ya mishahara inasaidia, ila deni kwa jimbo linabaki jina lako. Mambo matatu usiwaachie. Namba yako ya TWC wapewe mapema, wasipokuwa nayo ripoti haiendi. Kiwango chako kipya cha kila mwaka kiingizwe kwenye mfumo wao, barua ya kiwango inakuja kwako, si kwao. Na kila robo ingia mwenyewe kwenye akaunti uone ripoti imepokelewa na pesa imetoka. Benki nyingi za biashara zinazuia mtu wa nje kuvuta pesa kwenye akaunti mpaka umruhusu. Malipo yakigonga hapo yanarudi, na wewe unadhani umelipa.

Ripoti ikichelewa ndani ya siku 15 ni $15, baada ya hapo faini inapanda na kuongezwa sehemu ya mishahara yenyewe. Kodi isiyolipwa ina riba ya 1.5% kwa mwezi. Kama huna pesa ya kulipa, peleka ripoti hivyo hivyo kwa wakati, ili ubaki na riba tu.

Lakini dola 243 zisikunyime usingizi. Pesa kubwa iko kwenye barua. Mfanyakazi aliyeondoka akiomba malipo, TWC wanamwandikia mwajiri wake wa mwisho, nawe una siku 14 za kalenda kuanzia barua ilipotumwa, si ulipoifungua. Malipo anayopewa yakiandikwa kwenye akaunti yako yanaingia kwenye hesabu ya kiwango chako kwa miaka 3. Ukikaa kimya unaweza kupoteza haki ya kupinga. Unapojibu, usiandike "alikuwa mvivu". Andika siku ya mwisho ya kazi, tukio lililomfukuzisha na tarehe yake, kanuni aliyoijua, na maonyo aliyopewa kabla. Aliyeacha mwenyewe bila sababu nzuri ya kikazi, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, malipo yake yanaweza yasiandikwe kwako. Aliyeshindwa tu kuimudu kazi si mtovu wa nidhamu, usijaribu kulazimisha.

Na ipo barua nyingine ya waajiri wa nyuma, ile ya kiasi cha juu kinachoweza kuandikwa kwako. Hiyo ina siku 30. Inakuja hata kama mtu aliondoka kwako zamani na amefukuzwa na mwingine.

---

Kibindo:

Hakuna aliyemjibu la Spokane. Mfanyakazi anaripotiwa kwenye jimbo moja tu, na swali la kwanza ni kazi inafanyika wapi. Yeye anafanya yote akiwa Washington, basi ni wa Washington, haijalishi simu anazopokea ni za Fort Worth. Kituo cha kazi, mahali maelekezo yanapotoka na mahali anapoishi vinaulizwa kwa mfuatano huo pale tu kazi inapotapakaa majimbo kadhaa bila moja kuwa kuu, kama madereva wa malori.

Kwa hiyo usimtie kwenye ripoti ya TWC. Sajili kampuni Washington, akaunti ya Employment Security Department, ndio wanaosimamia bima hii huko. Na jiandae, huko kikomo si 9,000: mwaka 2024 kilikuwa $68,500, maana yake karibu mshahara wake wote unatozwa mwaka mzima. Huko pia kuna michango ya likizo ya familia na ugonjwa inayokatwa sehemu kwa mfanyakazi, na bima ya ajali kazini inanunuliwa kwa jimbo lenyewe kupitia L&I, idara ya kazi na viwanda ya Washington. Kwenye 940 weka alama kwamba unalipa majimbo zaidi ya moja na ujaze Jedwali A.

Kama umeshamripoti Texas kimakosa, fanya marekebisho ya robo hiyo kwenye akaunti ya TWC, umtoe, halafu umpeleke Washington. Usisubiri mwaka uishe.

---

Daftari Jekundu:

Kweli kabisa Kibindo, hilo nililiruka.

Nyongeza ndogo mbili. Robo ambayo hukulipa mtu, bado unapeleka ripoti inayosema hakuna mishahara. Ukinyamaza mfumo unakuhesabu umechelewa. Na kila unayemwajiri Texas anaripotiwa kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 20, ni kitu tofauti na TWC. Fagio, kwa kuwa ulianza kulipa Februari, ripoti yako ya kwanza ni ya 30 Aprili. Namba ya akaunti iombe leo.