Misindano ya miaka 16 Siha: tuvune sasa au tuingie mkataba wa kaboni wa miaka 30?

Mkulima wa Sanya Juu
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Familia yetu ina ekari 12 za misindano wilayani Siha, iliyopandwa na marehemu baba. Mnunuzi wa mbao kutoka Moshi anataka kuinunua yote ikiwa bado imesimama, na wakati huohuo wakala wa biashara ya kaboni, yaani ya kuwalipa wenye miti kwa hewa ukaa ambayo miti yao inaihifadhi, anatutaka tusaini mkataba wa kutokata mti hata mmoja kwa miaka 30, kwa malipo ya kila mwaka. Mama anaegemea kaboni, kaka zangu wanataka fedha za mbao kwa ajili ya ada za watoto. Mimi ninahofia moto. Kiangazi kikikolea, sindano zilizodondoka hukauka mpaka zinavunjika ukizifikicha kiganjani, na warina asali bado hupita na mienge. Je, tuyapimeje haya yote kwa pamoja?

Bwana Miti, Arusha
Dada, anzeni na hatari yenyewe. Kanuni ya kukokotoa umri wa kuvuna aliiandika Mjerumani Martin Faustmann mwaka 1849, na mwaka 1984 William Reed alionyesha kwamba moto huingia katika hesabu hiyo kama nyongeza ya riba, yaani faida ambayo fedha za mbao zingezaa kwingine: uwezekano wa kuungua ukiwa asilimia 2 kwa mwaka, ni kana kwamba riba imepanda kwa asilimia 2, na mwenye shamba anavutwa kuvuna mapema. Malipo ya kaboni yanamvuta upande wa pili, asubiri. Kwa kiwango hichohicho, msitu wenu una nafasi inayozidi nusu kidogo tu ya kumaliza miaka 30 ya mkataba bila kuungua. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei ya tani ya hewa ukaa, mwulizeni wakala ni nani atakayebeba hasara moto ukipita. Ipo miradi inayotenga sehemu ya hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyohifadhiwa ambavyo ndivyo huuzwa, katika akiba ya pamoja ya kufidia hasara, na ipo mikataba inayomdai mkulima arudishe alicholipwa. Msisaini kabla mwanasheria hajakisoma kifungu hicho.

Fundi Mbao, Majengo
Naongeza jambo ambalo husahaulika: kaboni haipotei mti unapokatwa, inategemea unakwenda wapi. Mita moja ya ujazo ya msindano mkavu ina uzito wa kilo 400 hadi 500, na karibu nusu yake ni kaboni, sawa na kilo 730 hadi 920 za hewa ukaa. Ikiwa kenchi ya paa, hubaki humo kwa miongo. Ikiwa kuni, hurudi hewani siku hiyohiyo. Je, miti hiyo ilipogolewa na kupunguzwa?

Mkulima wa Sanya Juu
Ilipogolewa, lakini haijawahi kupunguzwa, na mingi ni myembamba. Vilevile upande wa chini kuna korongo lenye kijito.

Bwana Miti, Arusha
Basi ushauri wangu ni kutoyakubali yote mawili kama yalivyoletwa. Punguzeni miti dhaifu sasa, muuze fito na nguzo kwa ajili ya ada, na mwondoe matawi yaliyobaki chini kabla ya kiangazi, kwa kuwa yakiachwa ndiyo yanayoupandisha moto juu. Mita 60 kutoka kwenye kijito msizihesabu kama mbao, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Pandeni humo mringaringa. Sehemu iliyobaki igawanyeni vipande vya kuvunwa kwa zamu, vitenganishwe na njia za moto zinazolimwa kila mwaka, ili moto mmoja usichukue kila kitu.

Kuhusu kaboni, ekari 12 peke yake ni ndogo mno kwa gharama za upimaji na uhakiki. Nguvu yenu ni kuungana na majirani. Biashara hii ina kanuni zake za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro: ulizeni huko kama mradi wa wakala huyo umesajiliwa. Mwulizeni pia atalipa kaboni ipi, kwa sababu kinacholipwa kwa kawaida ni ongezeko ambalo lisingekuwapo bila mradi, na miti yenu ilikwisha kusimama kabla yake.

Mkulima wa Sanya Juu
Ahsanteni sana. Nitamwomba wakala namba ya usajili na nakala ya kifungu cha moto kabla ya kikao cha familia, na mnunuzi wa mbao nitamwuliza bei ya miti ya kupunguza pekee.