Tupeane uzoefu: klachi mpya na milima yetu hii, uliitunzaje au uliiunguzaje?

Wakuu, naanza mimi ili wengine msione haya. Mwezi uliopita nilifunga klachi mpya kwenye kirikuu yangu (pikapu ndogo) pale Mafiati, Mbeya: pleti, presha pleti na rilizi beringi, vyote kwa mpigo. Fundi akanikabidhi funguo na sharti moja: "Kijana, kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo. Zungukia mjini tu, ikae." Siku ya tatu simu ikaita, kuna ndizi Kiwira. Nilijua nakosea, nikaenda.

Kupandisha kuja Isyonje ukungu umeshuka, mbele lori limekwama, foleni imesimama mlimani. Handibreki yangu haikuwa inashika (najua, najua, msiniseme). Nikawa nabalansi kwa klachi: mguu nusu juu, moto kidogo, ili gari isirudi nyuma. Dakika kumi hivi. Ikaja harufu kama ya nywele zinazoungua, nikadhani ni ya lori. Foleni ilipotembea nikaachia klachi yote. Injini ikalia weee, gari palepale, kama imefungwa kwenye mgomba. Ndizi zikahamishiwa gari ya mwenzangu, mimi nikalala barabarani na baridi ile ya Rungwe. Fundi alipofungua, pleti nyeusi, flaiwili (gurudumu la injini ambalo pleti inabana) ina madoa ya bluu. Wala hakunigombeza. Alinyanyua tu pleti usawa wa macho yangu, akaiweka chini.

Haya, nani anafuata?

Dereva wa Fuso, Ilula:
Pole mdogo wangu. Mimi Kitonga napanda na mzigo karibu kila wiki, na foleni ikisimama siisogelei ya mbele. Handibreki juu, gia nyutro, miguu yote napumzisha. Wa mbele wakisogea kidogo nawaacha, wananipigia honi nyuma, wapige. Nikiondoka naondoka na namba moja, handibreki naishusha pale gari inapoanza kuvuta yenyewe, na klachi naiachia moja kwa moja. Wewe ulikuwa unasaga, si unaendesha.

Mwalimu, Mafinga:
Yangu ni ya aibu. Rilizi beringi, ile inayosukumwa ukikanyaga klachi, ilianza kulia miezi michache tu baada ya kubadilisha. Fundi akaniuliza, "Madamu, mguu wa kushoto ukiwa safarini unaupumzisha wapi?" Nikamwonyesha. Juu ya pedeli ya klachi! Nilikuwa nao hapo tangu nijifunze udereva.

Fundi, Uyole:
Niwasahihishe kidogo hapo kwenye kilomita. Pleti mpya hailali yote kwenye flaiwili, inagusa vipande vipande, na kila ukiondoka taratibu vinasuguana mpaka uso wote ushike. Kwa hiyo kinachohesabika ni kuondoka na kubadili gia. Ukienda Makambako na kurudi kwenye gia ya juu, kilomita zimejaa lakini klachi haijafanya kazi. Wiki moja ya simama-ondoka za mjini, Mwanjelwa na Kabwe, inaizoesha zaidi. Na ndugu mwenye ndizi: hiyo flaiwili ya bluu ilichongwa, au mlifuta tu mkafunga? Pleti mpya juu ya uso ulioungua itatetemeka kila ukiondoka. Mwambie fundi aangalie na sili ya nyuma ya injini. Ikivujisha oili kwenye pleti, hata uendeshe kwa adabu gani itateleza.

Mdau wa Njombe:
Fundi, nitajuaje imeanza kuteleza kabla haijaniacha njiani?

Fundi, Uyole:
Barabara tambarare, gia ya nne, mwendo wa 40, kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipanda kelele na mshale wa mwendo ukabaki, ndiyo hiyo. Jaribu mara moja tu. Ukirudiarudia unaiunguza mwenyewe.

Mwanzisha mada:
Ndaga fijo (asante sana), fundi. Ilichongwa, na sili imebadilishwa. Nimefunga nyingine Jumamosi, tangu hapo nilikuwa nazunguka Soko Matola kama bajaji isiyo na abiria. Simu ya ndizi imeita tena asubuhi hii. Nimewaambia gari iko gereji, na si uongo: handibreki inatengenezwa.